Bata wa Fundi Saa, Kuanzia cha Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mkutubi Mkuu ametuita ofisini, mimi na Dada Kicheko. Jina lake halisi ninalijua, lakini mtu anayekaa kaunta ya maktaba akichekea vitabu vya watoto hastahili kuitwa jina halisi. Habari yenyewe: chumba cha watoto kinatafutiwa msimamizi. Msimamizi ana dirisha lake, kiti cha kuzunguka na funguo. Mimi nimezaliwa kushika funguo.

Kuna mtihani. Hadithi za Bata wa Fundi Saa zimefika kitabu cha ishirini na rafu imejaa. Vile kumi vya mwanzo havigusiki, vinapendwa na kila mtu. Vya baadaye, kuanzia cha kumi na moja, lazima vipunguzwe. Kila mmoja wetu avipange kutoka bora hadi hafifu. Nusu ya chini itahamia stoo, huko kwenye mapanya. Jumamosi tutasimama mbele ya watoto, nao wachague mpango wa nani ufuatwe. Atakayechaguliwa ndiye msimamizi.

Dada Kicheko ameomba muda wa kuvisoma tena. Tena! Mimi nimesema sihitaji, vyote viko kichwani. Mkutubi Mkuu ameinua nyusi kwa heshima.

Kichwani hakuna kitu. Sijasoma hata kimoja. Siku ya usaili nilisema nimevisoma vyote, lakini usaili ni usaili.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na wazo. Kwa nini nihangaike kusoma, wakati watoto wameshasoma kwa niaba yangu? Kitabu kinachopendwa huchakaa. Kisichopendwa hubaki kisafi. Basi nitapanga kwa uchakavu! Sayansi tupu.

Asubuhi nzima nimekagua majalada. Cha kumi na tano hakikuwa rafuni. Nimekikuta sakafuni, chini ya meza ya kusomea, kimesukumwa kabisa kwenye mguu. Jalada limebonyea, kona zimeisha, kurasa zimegandana. Mtoto gani huyu aliyekipenda kiasi cha kukificha ili wenzake wasikipate? Nimeguswa, kusema kweli. Nimekipa nafasi ya kwanza na kukitia mkobani kiwe ushahidi.

Cha mwisho ni cha kumi na nane. Kinang'aa. Kinanuka duka. Pole yake mwandishi.

Dada Kicheko bado yuko cha kumi na mbili. Amecheka hadi mzee wa magazeti akahamia meza nyingine. Kwa mwendo huo Jumamosi itamkuta njiani.

Jumatano, 5 Machi

Mambo yameenda mrama. Mkutubi Mkuu alikuja kukagua chumba cha watoto, akaweka kikombe cha chai kwenye meza ya kusomea, akaegemea kidogo. Meza ikalala upande. Chai yote kwenye sketi. Sketi nyeupe!

Kumbe mguu mmoja wa meza ile ni mfupi, na cha kumi na tano kiliwekwa pale makusudi. Dada Kicheko alieleza kwamba kilichaguliwa kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kukiulizia. Mkutubi Mkuu, akijipangusa, alitaka kujua nani amekitoa. Nikawahi kukasirika kuliko wote. Nikauliza kwa sauti, ni nani huyo asiye na haya?

Kona ya kitabu ilikuwa inachungulia mkobani mwangu. Dada Kicheko aliiona. Alinyamaza, akaenda kuleta kitambaa. Najua mbinu hiyo. Anataka nimshukuru. Ng'o!

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili, na huu hauna miguu ya meza. Mpwa wangu! Ana miaka tisa, tunaishi nyumba moja, na amesoma vitabu vyote ishirini. Dada yangu husema mtoto huyu akianza kusoma hata ukimwita kula hasikii. Ni vile tu huwa hatuelewani. Yeye hupenda kuuliza maswali na mimi hupenda kukaa kimya.

Nilianza kwa kumvisha kilemba cha ukoka. Nikamwambia ukoo wetu haujapata kuona akili kama yake. Akaniuliza, "Mjomba, unataka nini?" Nikamweleza. Akakubali kunipangia vitabu ikiwa nitamsomea sura moja kwa sauti ya bata. Nikasingizia koo. Akanitazama, akanionea huruma, akanipangia bure.

Bora kuliko vyote, eti cha kumi na nane! Hafifu kabisa, cha kumi na tano, kwa sababu fundi saa anasafiri na bata anabaki nyumbani, na bila bata kuna nini cha kusoma? Nikamuuliza mbona hicho bora ni kisafi hivyo. Akasema labda ni kipya. Kipya! Kimetoka zamani, kabla hajajua kusoma!

Niliandika yote kwa uaminifu mpaka dada yangu aliposema, akikunja nguo, kwamba mchana binti yake alishinda kaunta na Dada Kicheko wakila karanga. Karanga! Nikashika tama. Kumbe mtoto ameshawekwa mfukoni. Damu yangu mwenyewe, kwa karanga!

Lakini mimi si mtu wa kuchezewa. Nimeugeuza mpango wake juu chini. Na ajabu, ukiugeuza, cha kumi na tano kinarudi kileleni palepale sayansi yangu ilipokiweka, na cha kumi na nane kinashuka mkiani. Ushahidi wa pande mbili. Leo nitalala usingizi mtamu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandaa hotuba. Kwa kuwa nitaulizwa sababu, nimezisoma kwenye picha za majalada. Cha kumi na moja: bata kavaa kofia. Nimeandika "mavazi hayaleti ucheshi". Cha kumi na nane: bata yumo ndani ya mkoba wa safari, kichwa nje. Nimeandika "safari ndefu isiyo na maana". Nimejisifu kimoyomoyo. Wahakiki wakubwa nao sidhani kama wanafanya zaidi ya hapo.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Dada yangu akagonga mlango kuuliza nani ananifokea. Mpwa wangu ameniuliza kama nimeuelewa mpango wake, kama nataka anieleze zaidi. Nimemjibu kwamba nimeuelewa kuliko yeye.

Nimepita pia chumba cha watoto kukijaribu kile kiti. Kinazunguka vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi

Mkono hautaki kuandika.

Watoto walijaa mikekani. Utaratibu wa Mkutubi Mkuu: wasikilize, kisha kila mtoto ahamie upande wa aliyempenda. Nilitangulia. Nilijipiga kifua, nikakitangaza cha kumi na tano kuwa kilele cha ucheshi. Mtoto mmoja akauliza kama ni kile cha mguu wa meza. Nikaendelea kushuka hadi mkiani, nikasema cha kumi na nane ni safari ndefu isiyo na maana, kiende stoo.

Kukawa na mnong'ono. Msichana wa mbele akanyoosha mkono, akaniuliza bata aliingia mkobani kwa nini. Nikajibu, kwa uzito wa msimamizi, kwamba alikuwa anaenda kumtembelea shangazi yake.

Hakuna aliyecheka. Msichana aliangua kilio, mwenzake akafuata. Mpwa wangu aliinama akatazama viatu vyake. Hilo liliniuma kuliko kilio chenyewe, sijui kwa nini.

Ndipo Dada Kicheko akasimama, hana hata karatasi. Akakiri kwamba vitabu vya baadaye havilingani na vya mwanzo. Cha kumi na mbili kinarudia vichekesho vya cha tatu, ingawa yeye hucheka palepale kila mara. Cha kumi na sita ni kirefu mno. Watoto wakabishana naye, wakataka viwili vipandishwe, akakubali. Cha kumi na nane akakiweka juu kabisa. Fundi saa amezeeka, anafunga duka kuhamia kwa mwanawe, na kule wanyama hawaruhusiwi. Hajui namna ya kumwambia bata. Bata anajua tayari. Asubuhi ya safari anajipakia mwenyewe mkobani, chini ya saa zote, na anajizuia kulia kwaa hadi wafike. Watoto waliijua hadithi nzima na bado walisikiliza midomo wazi. Akamalizia kwamba nakala iliyopo ni ya tatu, kwani mbili za mwanzo zilisomwa hadi zikasambaratika mikononi mwake, gundi ikashindwa.

Basi ndiyo maana ni kisafi.

Watoto wakahama. Mpwa wangu alibaki katikati peke yake, akinitazama kama anayengoja niseme kitu. Nikajifanya napanga karatasi zangu. Akaenda kwa Dada Kicheko polepole. Upande wangu alibaki mmoja, naye alikuwa amelala.

Jumapili, 9 Machi

Habari njema! Mpwa wangu amerudi kutoka kwa Dada Kicheko na ujumbe: msimamizi mpya anahitaji msaidizi, na yuko tayari kunichukua. Inaonekana mtoto ameniombea hadi machozi. Amemwambia Mjomba si mtu mbaya, hajasoma tu. Msimamizi ameweka masharti mawili, kwamba nivisome vyote ishirini, na kila siku jioni niwasomee watoto sura moja.

Mpwa wangu alikuwa ameniletea cha kwanza. Alikaa miguuni pangu, akakifungua mwenyewe, akasema nisijali kuhusu koo, hata sauti ya kawaida inatosha. Nikasoma ukurasa mzima. Mstari wa nane nilicheka. Nilishtuka, maana sikukusudia. Naye alicheka, akajisogeza karibu, akageuza ukurasa.

Hapo ndipo lilipokuja wazo, la nguvu kuliko yote ya wiki hii. Ishirini ni vingi, na msomaji hodari ninaye hapahapa nyumbani! Nimemweleza: yeye avisome, kila asubuhi tukinywa chai anidokezee kwa ufupi, jioni mimi nishike kitabu mbele ya watoto nijifanye nasoma. Dada Kicheko hatajua kamwe.

Amenitazama muda mrefu. Nadhani amevutiwa. Kisha akakichukua kitabu mikononi mwangu, akaenda nacho chumbani kwake, akafunga mlango.

Ameshaanza kazi!