Bakuli la Sadaka na Mafuta ya Ng'ombe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Jana Mchungaji alitangaza: kanisa letu hapa Silibwet linataka viti vipya. Kazi itapewa fundi atakayeleta bakuli zuri zaidi la sadaka Jumapili. Mafundi wa mbao tuko wawili tu, mimi na Chege wa ng'ambo ya barabara. Chege ana duka lenye madirisha ya vioo. Mimi nina karakana ya kuta za mabati, na tangu Pasaka nimetengeneza vizimba vya kuku tu. Hivi viti lazima nivipate!

Na nina kitu ambacho Chege hana: msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba, unaopanda na kushuka kama sindano ya cherehani.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umeiva. Unalaza meza ya msumeno upande kidogo, unakata pete kwa mshazari, moja ndani ya nyingine. Ukizipanga, kila pete inakalia mwenzake bila kuzama. Bakuli zima kutoka ubao mmoja! Rodah, mke wangu, ameuliza kwa nini nisinunue beseni. Sisi wasanii tunavumilia mengi.

Tatizo ni moja. Msumeno haujaguswa tangu binti yetu Janeffer aolewe. Kitabu cha mashine kinasema futa vumbi, paka nta kidogo mezani, kaza nati inayoshika meza. Nta sina. Nimechukua kopo la Rodah la mafuta ya kukamulia. Kama yanalainisha chuchu za ng'ombe, chuma ni nini? Nimepaka meza. Nimepaka nati. Swichi pia, nisionekane mbaguzi. Ubao sasa unateleza wenyewe!

Alhamisi, 7 Agosti

Chege amekuja eti kuazima tepu ya kupimia. Mpelelezi! Amegusa meza, akanusa kidole. "Wee Jonah, hapa unakata mbao ama unakamua?"

Akaanza mahubiri. Mafuta yakiingia kwenye mbao, gundi haishiki. Nati ikiteleza, meza itajirudisha sawa kwa kutetemeka na mshazari utapotea. Nifute kila kitu, nijaribu kwanza kwa kipande cha kutupa. Nimemwelewa sana. Anataka nichelewe! Nimemshukuru, nikampa chai, akaenda. Nikaongeza mafuta.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekata. Karakana nzima ilitetemeka. Ajabu kidogo: pete za kwanza zimetoka na mshazari wa kupendeza, za mwisho zimenyooka kama ukuta. Kitako hakikai chini ya mwenzake, kinapenya tu. Nimetumia akili. Gundi, chupa nzima.

Rodah ameingia akichechemea. "Baba Janeffer, kopo liko wapi? Ng'ombe amenipiga teke." Nimemshauri akamue kwa upole. Chakula cha jioni kilikuwa kidogo, na kwa upande wangu tu.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika haraka, ili nisahau upesi.

Bakuli la Chege: gogo lililochongwa katikati, basi. Hata mbwa wangu ana lingine kama hilo. Langu: kanisa zima lilisema "aiii!" Mchungaji alikuwa ameanza kutabasamu upande wangu. Viti nilikuwa nimeshavikalia moyoni.

Ndipo Tecla, mwenyekiti wa akina mama, akasema vyombo vijaribiwe na sadaka yenyewe. Hapa kwetu watu huleta mayai, yanapigwa mnada baada ya ibada. La Chege likajazwa, likakaa kimya. Langu likajazwa. Mchungaji akaliinua juu aliombee, akafumba macho.

Pete ziliachana polepole, kwa adabu, kuanzia kitakoni. Mayai yalitua kwenye viatu vya Mchungaji. Alisema amina mapema. Pete moja ilibingirika katikati ya kanisa mpaka miguuni mwa Chege, akaiokota. Hakucheka. Hapo ndipo iliponiuma.

Viti amepewa yeye.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi Chege amekuja na pete yangu. Anasema pembeni mwa viti Mchungaji anataka maua yaliyokatwa kwenye mbao, na msumeno wa kuyakata ni wangu tu hapa sokoni. Je, tufanye pamoja? Nilipanga kujifanya nafikiria. Nikakubali kabla hajamaliza. Sharti lake: nisafishe mashine, nikaze nati mpaka mkono uchoke, nipime mshazari kabla ya kila mkato. Nimeapa mbele ya Rodah.

Alipoondoka nimekaa nikachunguza kilichoharibika jana, kama fundi, bila hasira. Ni wazi kabisa. Kuku wa Tecla wanalishwa kupita kiasi, mayai yao ni mazito. Pili, kopo la Rodah liliisha katikati ya kazi, mashine ikabaki kavu upande mmoja.

Nimepita duka la dawa za mifugo. Nimenunua kopo kubwa. Nimeanza na nati.