Kona ya Besi

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kanunua sabufa. Kaja kujigamba hadi sebuleni kwangu, eti spika zangu mbili zinalia kama mbu. Mke wangu, dada yake wa damu, akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniuma. Kesho nanunua kubwa kuliko yake!

Jumanne, 4 Machi
Imefika! Nimeuza baiskeli, ile tunayopelekea wateja wa mke wangu nguo zao. Nimeiweka sabufa nyuma ya mlango. Inaguna kama tumbo la mgonjwa. Fundi redio kasema kila chumba kina mahali pake pa besi. Weka sabufa juu ya kiti unachokalia, kisha wewe mwenyewe utambae kandokando ya kuta ukisikiliza. Besi ikinoga, hapo ndipo pake.

Jumatano, 5 Machi
Nimetambaa. Sabufa imeketi kwenye sofa kama mgeni wa heshima, mimi chini, makalio juu. Mama mkwe kaingia. Anasema alipiga hodi mpaka akachoka. Nikamwamkia nikiwa chini ya meza. Aliitikia akiangalia ukuta. Aibu! Lakini mahali nimepapata: kona ya dirishani. Tatizo, pana cherehani ya mke wangu.

Alhamisi, 6 Machi
Alipokwenda kununua vifungo, nimeihamishia cherehani koridoni. Besi tamu ajabu! Aliporudi hakugomba, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu kwamba koridoni ni giza, na bibi harusi anangoja gauni. Nikamwambia atazoea.
"Tangu ufukuzwe kazi, kona ile ndiyo inayotulisha," alisema.
Maneno ya kumsimanga mwanamume nyumbani kwake!

Ijumaa, 7 Machi
Kaondoka. Kwa kaka yake! Shemeji kaja na mkokoteni, wamebeba cherehani, majora ya vitambaa, mapazia, hata zulia. Nimejifanya nasikiliza muziki.
"Kona ikiwa wazi, nitarudi," alisema mlangoni. "Chagua."
Nilitaka kumshika mkono. Nikaongeza sauti.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Besi inavuma hovyo, nyimbo zote zimekuwa uji. Nimekaa peke yangu kwenye sofa, machozi yamenitoka. Nimemkumbuka. Haya, nimeliandika. Nimemwita fundi. Kapiga makofi katikati ya chumba, kasikiliza, kasema sabufa haina kosa lolote. Chumba ndicho kimebaki kitupu. Vitambaa vyake na zulia ndivyo vilivyokuwa vikimeza mwangwi. Dawa yake, kasema akinitazama usoni, ni kumrudisha mwenye vitu.

Hatimaye nimeelewa. Kiburi si maungwana. Nimemwandikia mke wangu ujumbe papo hapo, kwa unyenyekevu wote, nimemwita kipenzi, nimekiri kwamba nyumba bila yeye haikaliki. Nimemsihi arudishe zulia na mapazia, na majora pia kama hayamsumbui. Cherehani anaweza kubaki nayo.