Firigisi ya Kanali

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na shati nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe.

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya gunia la alizeti nyuma ya mashine. Ndani siwezi kuingia kwa sasa. Mama akiniona anaanza kucheka upya.

Kwa wasionifahamu: naitwa Elia, nakamua mafuta hapa Iguguno, kando ya lami kabisa. Mke wangu, Mama Tumaini, ni daktari, tena ni kapteni jeshini. Mnajua maana ya kuoa kapteni? Maana yake ni kufungasha. Jeshi likisema kusini, nafunga magodoro. Likisema magharibi, nafunga magodoro yaleyale. Kitanda chetu kimefunguliwa na kufungwa hadi skrubu hazishiki tena, tunalala kwa imani. Halafu mwenzangu akapelekwa Dar kusomea ubingwa wa watoto, miaka minne, nikasema hapana, mimi sasa nimechoka. Nikachukua binti zetu wawili, nikarudi kwa mama yangu, nikafunga mashine ya kukamua alizeti, nikatulia.

Sasa amemaliza. Ni bingwa. Watu wengine daktari wao akimaliza ubingwa wanachinja mbuzi. Familia ya mwanajeshi haichinji kitu mpaka ijue kituo ni wapi. Ndicho tunachosubiri tangu mwezi uliopita, na mimi nimekuwa nikiomba kitu kimoja tu: Dodoma. Dodoma ni karibu. Mama Tumaini angekuja Ijumaa, watoto wangemwona, Jumapili angerudi kazini, na mimi nisingefungua kitanda.

Leo asubuhi akapiga simu.

"Baba Tumaini, Kanali wetu anatoka Mwanza, atapita hapo mchana. Anataka kuwasalimia. Mpikieni."

"Yule anayepanga vituo?"

"Ndiyo. Na usimwombe kitu."

"Sawa."

"Baba Tumaini, nakujua."

"Nimesema sawa, mama."

(Nilikuwa tayari natafuta pasi.)

Mama akamkamata jogoo. Jogoo mkubwa, yule aliyekuwa anatuamsha kabla ya adhana na kabla ya kengele ya kanisa. Nikamwambia firigisi isiguswe na mtu, ni ya mgeni. Mama akaniuliza nimeanza lini kumfundisha mambo ya firigisi. Watoto walikuwa shule. Nikafagia uwanja, nikatoa kiti kikubwa cha sebuleni nikakiweka barazani, nikakaa pembeni nafanya mazoezi ya maneno.

Hapa ndipo kichwa changu kilipoharibika. Nilijiambia, kusema tu "tunaomba Dodoma" hakutoshi. Kila mtu anaomba Dodoma. Lazima kuwe na sababu. Nikamwangalia mama, anapita na ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Nikasema, huyu ndiye sababu yangu. Nitasema ni mgonjwa. (Mungu anisamehe. Nitarudi hapo.)

Mchana gari la jeshi likaingia uwanjani linafuka moshi. Limechemsha. Dereva akaruka, hata salamu hakutoa, akafungua boneti na kuzama humo kichwa na mabega. Mbele, upande wa kushoto, kakaa mzee wa maana. Koti, kofia, mvi, fimbo nyeusi inayong'aa. Nyuma, katikati ya mabegi, kuna mwanamke mdogo wa umbo, kavaa raba na fulana.

Sasa mimi nimekaa kambini, siyo mtu wa kubahatisha. Kwenye gari la jeshi mkubwa anakaa mbele kushoto. Nyuma ni mahali pa mizigo na wa kubeba mizigo. Hilo hata watoto wa kambini wanalijua. Nikakaza mgongo, nikaenda mlango wa mbele, nikapiga saluti. Mimi. Mkamua mafuta. Na kandambili.

"Shikamoo afande."

"Marahaba, mwanangu, marahaba," akasema mzee, akanipa mkono nimshushe. Akashuka taratibu, goti linamsumbua.

Yule mwanamke naye kashuka, ananijia huku anatabasamu. "Habari za hapa? Wewe ndiye Baba Tumaini? Mimi ni..."

"Karibu, dada, karibu sana," nikamkatiza, maana mzee alikuwa anayumba na mimi ndiye fimbo ya pili. "Jiko liko nyuma kule. Msaidie mama kunyonyoa kuku, kabaki peke yake na wageni ndio mmeshafika."

Akaniangalia kidogo. Akamwangalia mzee. Akasema, "Haya." Akaenda.

Nikamkalisha mzee kwenye kiti kikubwa. Nikamletea maji ya kunawa, maji ya kunywa, mto wa mgongoni, na kigoda cha kuwekea mguu. Akashukuru kwa kila kitu. Mtu mpole sana. Nikasema moyoni, ndiyo maana amefika cheo hiki.

Huko jikoni nikasikia vicheko. Mama na yule mwanamke wanaongea Kinyiramba, maneno yanakimbia. Nikafurahi, nikajua mama kapata mtu wa kumpunguzia kazi. Nikapaza sauti, "Dada, usisahau na maji ya kuongeza kwenye mtungi." Akaitikia, "Sawa, kaka." Baada ya muda akapita na ndoo, kajifunga kitenge cha mama kiunoni. Dereva bado yuko kwenye boneti, tunaona makalio tu.

Supu ikatangulia. Mimi mwenyewe nikaenda kuichukua mlangoni, nikachagua firigisi, nikaiweka kwenye kisahani chake peke yake, nikampelekea mzee kwa mikono miwili huku nimepiga goti. Akaitazama. Macho yakamlegea.

"Mwanangu, hii nimeikosa miaka mingi."

Akaitafuna taratibu, na mimi nikaona huu ndio wakati wenyewe. Nikavuta kigoda, nikakaa chini yake, nikashusha sauti.

"Mzee wangu, kuna jambo."

"Sema, mwanangu."

"Ni hili la Mama Tumaini. Sisi tumehama sana. Hatulalamiki, kazi ni kazi. Ila safari hii tulikuwa tunaomba, kama inawezekana, awekwe hapo Dodoma."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Dodoma ni pazuri."

Nikapata nguvu. "Siyo kwa ajili yangu. Ni mama yangu mzazi. Hali yake siyo nzuri. Miguu imekufa ganzi, hasimami. Nambeba kutoka kitandani, nambeba kurudi. Chakula namlisha mimi kwa kijiko. Na macho nayo yameanza kuondoka, mimi mwenyewe wakati mwingine hanitambui."

(Mbona nilikuwa naendelea? Sijui. Uongo ukishashika moto unajiongezea kuni wenyewe.)

"Pole sana," akasema mzee, na machozi kweli yakamlengalenga.

Hapo mama akatokea mlangoni. Kichwani ana sinia la ugali wa uwele, mkono mmoja kabeba jagi, mwingine kabeba bakuli la kuku, na mlango akausukuma kwa mguu. Ule mguu uliokufa ganzi. Nyuma yake yule mwanamke na bakuli la mlenda.

Mama akasimama.

"Elia. Nani hasimami?"

Nikakisogeza kisahani.

"Nani unamlisha kwa kijiko?"

Nikaangalia chini. Nikaona kandambili zangu. Nikamwangalia mzee anitetee, mzee anatafuta mabaki ya firigisi kwenye meno.

Wakati huohuo dereva akatoka kwenye boneti, akajifuta mikono, akaja barazani kwa haraka. Nikasema afadhali, amchukue mkubwa wake waondoke, haya mengine tutamalizana kifamilia. Dereva akampita mzee. Akanipita mimi. Akafika mbele ya yule mwanamke mwenye mlenda, akabana visigino, akapiga saluti iliyonyooka, siyo ile yangu.

"Afande, gari limetulia. Tunaweza kuondoka wakati wowote."

"Asante. Nawa mikono, tule kwanza," akasema Kanali.

Mimi ni mtu ambaye mke wake ni kapteni. Naishi na sare za jeshi za kike kwenye kamba yangu ya nguo. Na bado kanali wa kichwani mwangu alikuwa na mvi na koti. Msiniambie, nimeshaambiwa. Mama kaniambia mara nyingi kabla hata ugali haujapoa.

Nikageuka kwa mzee. "Sasa wewe, mzee wangu..."

"Mimi nimepewa lifti Misigiri," akasema bila wasiwasi wowote. "Nakwenda mjini kwa daktari wa goti. Huyu mama kanihurumia akanipisha mbele ninyooshe mguu. Mungu ambariki."

"Lakini nilikuita afande, ukaitika."

"Zamani nilikuwa mgambo. Nikadhani unanikumbuka."

Tukala. Nasema tukala, ila mimi nilikuwa nalikanda tonge moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kanali alikula vizuri tu, akasifu mlenda. Yule jogoo alimnyonyoa yeye mwenyewe kwa mikono yake, mtu wa cheo kile, na akaishia kupewa shingo. Nilitamani barabara ya lami ihamie hapo barazani, lori linipitie.

Alipomaliza akanawa, akanigeukia. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa na hasira.

"Baba Tumaini, Kapteni ananiomba Dodoma. Ananiambia mume wake amechoka kuhama, na mama mkwe hawezi kuondoka alipozoea. Nikasema nipite nione mwenyewe, maana Dodoma nafasi ipo, nyumba ya familia haipo. Angekuwa anaishi chumba kimoja peke yake. Nafasi nyingine ni mbali, kule mpakani Kagera. Kule nyumba ipo, vyumba vitatu, na shule iko kwenye geti la kambi. Nilitaka kuwauliza ninyi."

Nikafungua mdomo. Mama akawahi.

"Nimeshamjibu jikoni. Tunakwenda."

"Mama, wewe umezaliwa hapa. Hujawahi kulala nje ya mkoa."

"Ndiyo maana nataka kwenda nikaone." Akaliweka jagi chini. "Elia, mimi huwa sisemi. Juzi mama yake Upendo alipiga simu. Mtoto kashika simu, kamwambia, 'Shikamoo daktari.' Mama yake mzazi. Mimi nimekaa pale, nimesikia mwenzako anavyojikaza kule kwenye simu. Wewe unaniambia Dodoma, Ijumaa na Jumapili. Mtoto atamjua mama yake kwa Ijumaa na Jumapili?"

Upendo ni binti yetu mdogo. Mwenzangu alipokwenda Dar, mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Hiyo simu mimi sikuisikia, nilikuwa kwenye mashine. Niliona aibu kwa mara ya pili leo, na hii ya pili ndiyo imeniuma. Ya kwanza ilikuwa ya uso tu.

Kanali alikuwa ananiangalia mimi. Mzee wa Misigiri naye alikuwa ameacha kujichokonoa meno.

"Tutakwenda, afande," nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikairudia. "Tutakwenda wote."

"Una uhakika? Usije ukanipigia kesho ukaniambia mama amepooza tena."

Mama akacheka hadi akaushika ukuta. Dereva alijitahidi, nilimwona, alijitahidi sana, mwisho akaenda kucheka kwenye boneti.

Wakaondoka. Mzee kakaa mbele kushoto vilevile. Kanali kapanda nyuma na mabegi, kapakata chupa ya mafuta na mfuko wa mlenda mkavu aliofungiwa na mama.

Hata vumbi halijatulia simu ikaita.

"Umemwomba?" akauliza Mama Tumaini.

"Siyo yeye."

"Siyo yeye nani?"

Nikamweleza. Saluti, kandambili, firigisi, kijiko. Nikamweleza na ya Upendo, kwamba nimeijua. Nikasema tunakuja wote, mashine atabaki nayo mdogo wangu. Nikasikia analia, na mimi nikaangalia pembeni ingawa hakuna aliyekuwa ananiona. Halafu akavuta makamasi akaniuliza, "Ulimpa firigisi yote?" Akaanza kucheka. Alicheka kama zamani, kabla ya huu ubingwa wa watu, mpaka akakohoa.

Kwa hiyo ndugu zangu, ukitaka kumfanya mama yako mgonjwa kwa mdomo, kwanza uhakikishe hayuko jikoni na mkubwa wa kazi wa mkeo. Na naombeni msicheke. Mimi nimechoka, Kagera ni mbali, na huko ndani yule mgonjwa wangu asiyesimama ameshapanda juu ya meza anashusha mapazia.