Sauti ya Juu ya Wimbo wa Lambo

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Nimepigwa na butwaa. Muindi, kiongozi wa kikundi chetu cha nyimbo, anataka kuufuta Wimbo wa Lambo!

Ametangaza mazoezini, mbele ya kikundi kizima, huku akijifuta jasho kwa kitambaa changu. Ati tamasha la utamaduni la Kwale ni Jumamosi na hatuna mtu wa sauti ya juu. Kache aliyekuwa akijaribu amepata kazi ya kucheza ngoma hotelini Diani, na huko, nasikia, hupigwa picha hata akipiga chafya. Na kanuni ya kikundi inajulikana: wimbo ukipita mwaka bila kuimbwa tamashani unatolewa daftarini. Mahali pake tutaimba wimbo alioutunga Muindi mwenyewe wa kulisifu josho la ng'ombe. Una beti kumi na nne.

Wimbo wa Lambo ni wa marehemu mke wangu, Kalondu. Aliutunga mwaka ule wanawake walipochimba lambo letu la maji ya mvua. Alikuwa akiimba ili asihesabu karai za udongo. Mwaka jana aliuimba Kwale, na Novemba tukamzika. Sisi huku kaskazini mwa Kinango hatuna mengi. Tulikuwa na lambo na wimbo wake, na lambo lilikauka Februari.

Nimemwambia Muindi atakiona. Akaniuliza atakiona nini. Sikuwa nimefika hapo.

Jumanne, 7 Septemba

Nina mpango! Ndulu, mdogo wake Kalondu, ana sauti ileile. Tatizo ni kwamba tangu mazishi hajaimba. Hata kanisani hufungua kitabu na kufunga mdomo.

Nikaenda kwake na kuku. Habari ya tamasha sikuigusa. Nilikaa uani nikauimba wimbo vibaya makusudi, nikijua hatavumilia, atanisahihisha. Nikauimba mara tano. Mara ya tatu mbuzi wake waliondoka.

Ndulu akatoka na ufagio. Akasema, "Shemeji Kisilu, usinichokoze. Sauti ile tumeizika."

Nimerudi peke yangu. Kuku amebaki.

Jumatano, 8 Septemba

Kuzikwa haikuzikwa! Iko kabatini!

Nimekumbuka ile kaseti ya Krismasi ya 1996. Kalondu aliuimba Wimbo wa Lambo nyumbani, mimi nikamrekodi. Jogoo anawika kwenye ubeti wa pili. Wimbo ukiisha anaongea na mimi kidogo, halafu basi. Mimi huisikiliza kila Jumapili, mara moja tu, kwa sababu ya betri.

Mpango ni huu. Redio ya kaseti ndani ya kapu, leso juu ya kapu, kapu miguuni pangu. Kaseti itaimba, mimi nitafumbua mdomo.

Nimemwambia Muindi sauti ya juu nitaiimba mimi. Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akakubali, nafikiri kwa hamu ya kuniona nikiaibika. Shauri lake. Nimeanika betri juu ya bati zipate nguvu.

Alhamisi, 9 Septemba

Mazoezi ya mdomo mbele ya kioo. Si kazi rahisi. Kalondu alikuwa na pumzi ndefu, na kabla ya ubeti wa mwisho alimeza mate kidogo. Nimeyajua hata yale mate.

Jirani yangu Mishi alinichungulia dirishani akaniona nimepanua kinywa bila sauti. Akanipa pole, akaniletea karafuu za kutia kwenye jino. Nimeshukuru. Ilinibidi nitie moja mbele yake. Ulimi wote umekufa ganzi.

Nimefikiria kila kitu. Betri, kapu, leso, mdomo. Sioni pa kukosea.

Jumamosi, 11 Septemba

 Nitaandika tu ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Nusu ya kijiji chetu ilikuja kutushangilia. Ndulu pia alikuja, akaketi mbele, na nikaona anaitazama sana ile leso juu ya kapu. Nikakumbuka kuwa ni ya Kalondu. Nikamtabasamia.

Ngoma zikaanza. Nikainama kama anayefunga kamba ya kiatu, nikabonyeza. Nikainuka na kufumbua mdomo.

Sauti ya Kalondu ikatoka, safi kabisa.

Jambo moja sikulifikiria, na bado nashindwa kuelewa lilinipitaje. Kila mtu ukumbini alikuwa akiijua ile sauti. Na kila mtu alikuwa ametupa udongo kaburini.

Mtu akapiga ukemi. Mabenchi yakaanguka. Mishi alipita dirishani, na yeye si mwembamba. Muindi akaangusha ngoma ikabingirika mpaka mlangoni, naye nyuma yake. Huku nyuma wakasema Kisilu amepandwa na pepo, marehemu amemwingia. Na mimi, mzee wa ndevu, nimepanua kinywa, sauti ya mke wangu inatoka! Niliogopa kukifunga. Ningekifunga na wimbo ukaendelea, ingekuwaje?

Ubeti wa pili, jogoo akawika. Wawili waliokuwa wamerudi wakakimbia tena.

Kisha betri zikaanza kuchoka. Sauti ikashuka. Ikawa ya mwanamume, halafu ikawa kama ya fahali mwenye mafua. Kalondu wangu! Nilitaka ardhi inimeze.

Ndipo Ndulu akasimama. Alikuwa ametoa macho kwa hasira. Akapanda jukwaani, akaudaka wimbo juu kabisa, pale ulipotakiwa kuwa, na hakuushusha. Ukumbi ukatulia. Waliokimbia wakarudi mmoja mmoja. Kabla ya ubeti wa mwisho akameza mate kidogo. Sikujua kuwa ni mambo ya ukoo.

Wimbo ukaisha. 

Mzee Ziro, mwamuzi mkuu, akainuka, akavua kofia, akanikaribia taratibu. Akasema kwa adabu, kama anayesema na pepo, "Karibu, mwenyewe. Umekuja kwa heri? Sema unalolitaka, tutakupa."

Na kutoka kapuni, kwa sauti nzito ya polepole, Kalondu akamjibu, kama alivyonijibu mimi ile Krismasi:

"Kisilu... zima redio hiyo... unamaliza betri."

Redio ikazimika yenyewe.

Ndulu akainua leso. Akaitazama redio. Akanitazama mimi. Nikangoja kofi. Badala yake akaanza kucheka, akacheka mpaka akaishika meza ya waamuzi. Akasema, "Jamani, dada! Hata huko uliko bado unamlindia betri!"

Jumapili, 12 Septemba

Tumekuwa wa mwisho kati ya vikundi tisa. Mzee Ziro amesema fomu yake haina mahali pa kuweka alama za marehemu. Amesema pia kuwa tangu azaliwe hajawahi kuzungumza na kapu, na nisimwamkie kwa muda.

Lakini Wimbo wa Lambo umeimbwa tamashani! Muindi ameuandika upya daftarini, kalamu ikikwaruza. Ndulu atashika sauti ya juu kuanzia sasa, kwa sharti moja: redio isikanyage tena mazoezini. Nimeapa mbele ya wote.

Kuku hajarudishwa. Sikumuulizia.

Jumatano, 15 Septemba

Nimeutafakari mpango wangu kwa utulivu. Ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa betri.

Leo habari mbaya: mpiga ngoma wetu amevunjika kidole. Ngoma ile ilipobingirika, aliikimbilia kuizuia. Muindi anahangaika kutafuta mwingine. Nami nimekumbuka kwamba upande wa pili wa kaseti yangu kuna marehemu Mwero akipiga ngoma, miaka ile hakuna aliyemshinda Kwale nzima. Ngoma haina uso. Nani atajua?

Nina kile kiapo, najua. Lakini Jumamosi redio ilikuwa imemeza tepu, na kazi ya kuivuta na kuizungusha kwa kalamu imenichukua siku tatu. Imepona yote isipokuwa vipande viwili vidogo vilivyokatika pale mwishoni. Maneno matatu tu yamepotea. Kalondu hasemi tena nizime. Sasa anasema, "Kisilu, redio hiyo," basi, kwa upole.

Nimeichukua kuwa ni ruhusa. Betri ziko juu ya bati.