Kandambili Tatu na Vichwa vya Mwatiko

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Muziki,
Tainan.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na jikoni kwako hakunuki. Kwangu kunanuka, na sababu ni albamu fupi ya nyimbo nne iliyotolewa na kundi la hip hop liitwalo Kandambili Tatu. Naomba masahihisho kabla ya Jumapili. Siku hiyo mama mkwe wangu anatimiza miaka themanini, na miguu ya nguruwe ya kuliwa na tambi zake za maisha marefu haina pa kukaa. Friza imejaa vichwa vya samaki, mwatiko watupu.

1. Jumatano iliyopita vijana hao walizindua albamu yao kwenye uwanja wa hekalu letu. Wimbo wa kwanza unaanza na muziki ambao gari la taka huupiga likipita kutuita tulete mifuko, ule ule, haukuguswa. Wewe ni mtu wa hapa, unajua miguu inavyofanya ikiusikia. Jumatano gari haliji, kwa hiyo tulidhani jiji limetuhurumia. Kichochoro kizima kilitoka mbio. Mimi nauza samaki, nilibeba matumbo. Jirani yangu, mzee Chuang, alibeba ndoo ya makombo, povu la dawa ya meno likiwa bado mdomoni. Tukakuta jukwaa.

2. Mwandishi wako, Ndugu Fan Chih-wei, ameandika kwamba umma uliitikia kwa mifuko mikononi, "ukiukataa utamaduni wa kununua na kutupa." Hatukukataa chochote. Tulitaka kutupa. Tena juu ya makala iko picha yangu nimeinua mfuko, na chini mmeandika "shabiki sugu." Niliuinua kwa sababu mbwa wa hekalu alikuwa ameuona.

3. Nilimwendea kiongozi wa kundi, kijana Tsou Kuan-yu, kumwuliza gari liko wapi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shangazi," akasema, "miaka yote tumepigia viti vitupu. Hata kama umekuja kutupa taka, umekuja." Nikamwambia basi aupokee mfuko. Alidhani namtania.

4. Ijumaa gari la kweli lilipita. Mzee Chuang alitutangazia dirishani kwamba ni wale watoto tena, turudi tukale. Tukarudi. Waliotoka ni vijana wageni wenye simu, wakampigia dereva makofi. Sidhani kama aliwahi kupigiwa makofi kazini. Siku hizi anapita akipunga mkono, hatazami kama kuna mfuko, na sisi tukishagundua kwamba ni yeye, ameshakata kona. Taka hairuhusiwi kuwekwa chini, ni lazima uitie garini kwa mkono wako. Ndiyo maana vichwa viko kwenye friza.

5. Kwa kuwa kundi limechukua wimbo wa gari, watu wa gari na makofi ya gari, ni haki lichukue na kazi ya gari. Napendekeza Kandambili Tatu wapite kichochoroni kwetu kila jioni, wapokee taka huku wakichana mistari. Wimbo wa pili utatufaa kwa chupa na karatasi, wa tatu kwa makombo. Wa nne ni wa mapenzi. Mimi sina taka za aina hiyo, ila binti wa mzee Chuang anazo.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na yule mama wa uji wa samaki mbele ya ofisi yenu. Mwambie vichwa vipo, ni bure. Ndugu Fan naye msalimie, lakini baada ya masahihisho.

Ni mimi, mwenye friza isiyofungika,

Hsueh Li-chun

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, Kuan-yu na wenzake wamefika na pikipiki. "Shangazi, kumbe hukuwa unatania," alisema, akavibeba vichwa vyote mwenyewe, vikimchuruzikia kwenye suruali ya jukwaani. Miguu ya nguruwe imeingia. Mama mkwe amewaalika Jumapili wapige wimbo wa kwanza, na kazi ya kuinua mfuko nimepewa mimi. Kwa hiyo usisahihishe kitu. Ila mkiirudia habari hiyo, tumieni ile picha nyingine aliyonipiga mpigapicha wenu, ambayo mbwa ameshaondoka na mfuko bado uko juu. Hapo nimetoka vizuri zaidi.