Njia Panda Namba Nane

Jumatatu, 2 Machi 1998

Nchi hii haina reli hata moja. Mimi ninayo, mezani. Nimechoka, lakini ninayo.

Mzungu wetu, mteja wangu wa spea, alipokimbia vita aligawa treni yake ya kuchezea. Mimi akanipa kichwa na reli. Mabehewa akampa Hyacinthe, karani wa mtaa wa Kigobe. Kwa nini? Gari lake bovu nilikuwa nikilihangaikia mimi! Sasa nina kichwa kisicho na cha kuvuta, na Hyacinthe ana mabehewa yasiyo na cha kuyavuta.

Leo amekubali kuyaleta Jumamosi. Sharti lake ni moja: niwe na njia panda, pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, ili mabehewa yapate pa kuegeshwa. Akanishauri namba nne. Ni fupi, hupinda ghafla, haili nafasi. Akasema kwa meza kama yangu, nne inatosha.

Kwa meza kama yangu! Nitaweka nane.

Jumanne, 3 Machi

Murhula, fundi wa kuchomea vyuma aliyetoka Uvira, amekubali kuitengeneza kwa njiti za mwavuli. Akanieleza kwamba namba ikipanda, njia hupinda polepole zaidi na kurefuka, na meza yangu haifiki. Nikamwambia mimi nauza spea hapa Buyenzi tangu ujana, namba sifundishwi. Akaanza kunyoosha njiti.

Mwavuli ni wa Asiya, mke wangu. Masika yanaanza. Hilo tutaliona baadaye.

Jumatano, 4 Machi

Njia panda imekamilika. Inapendeza mno. Inaanzia katikati ya meza na kuishia hewani.

Nimetafuta ubao mtaa mzima. Hakuna, sababu ya embargo: majirani wametuwekea vikwazo, bidhaa haziingii. Ubao pekee wenye urefu unaofaa ni mlango wa chumba chetu cha kulala. Nimemngoja Asiya aende kwa shangazi yake, nikaung'oa kwenye bawaba. Nikauunga na meza, nikapigilia njia panda juu yake: nusu mezani, nusu mlangoni. Nikawasha kwa betri ya gari. Kichwa kikapita bila hata kutikisika! Machozi yalinilengalenga.

Asiya alirudi. Hakufoka. Aliuliza tu atalala wapi. Nikamjibu: palepale, pazia lipo.

Alhamisi, 5 Machi

Jana usiku risasi zililia upande wa Kanyosha. Kila zikilia, Asiya hufunga komeo la chumba, na hapo tu ndipo hupata usingizi. Nimemweleza mara nyingi kwamba ubao hauzuii risasi. Haisaidii. Jana hakuwa na cha kufunga. Alikaa kitandani akilitazama pazia hadi adhana ya alfajiri. Niliona aibu, lazima nikiri. Asubuhi akaniambia:

"Baba Amira, mi sina shida na treni yako. Risasi ikilia, mi nataka kitu ya kufunga. Kesho kama mulango hairudi, mi naenda kwa kaka yangu."

Nikamsihi avumilie mpaka Hyacinthe aje. Nikamwahidi pazia zito zaidi. Akachukua kapu, akaenda sokoni. Nadhani nimeshinda.

Ijumaa, 6 Machi

Sijashinda.

Nimerudi kutoka msikitini, mlango haupo mezani. Asiya na jirani yetu Consolée wameubeba na kuurudisha kwenye bawaba, na umekaa vizuri kuliko nilivyoukuta siku ya kwanza. Reli hawakuing'oa. Wameikata kwa koleo. Nusu ya njia panda iko mezani. Nusu ya pili imesimama wima kwenye mlango wa chumba, na nyuma yake yuko Asiya, kafunga komeo mchana kweupe, anakoroma.

Jumamosi, 7 Machi

Hyacinthe amekuja na koti, mabehewa ndani ya kisanduku cha viatu. Akatazama meza. Akatazama mlango. Akainamisha kichwa upande ili aone vizuri, akasema ni namba nane kweli, kazi safi. Kisha akauliza mabehewa yatapita wapi.

Nikamkaribisha chai. Akainywa na kisanduku magotini, hakukifungua hata kidogo, akaaga mapema kwa ajili ya kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku. Akaondoka nacho. Akiwa barabarani aligeuka, akanikumbusha kwa upole kwamba nne ingetosha.

Jumapili, 8 Machi

Nimetafakari sana. Asiya alikuwa na haki. Murhula alikuwa na haki. Hata Hyacinthe, Mungu anisamehe. Nimemwomba Asiya radhi. Amecheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akanipikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nimeapa mbele yake kwamba mlango wa chumba sitaugusa tena maisha yangu yote.

Mlango wa jikoni ni habari nyingine. Jikoni halali mtu. Nimeupima Asiya alipokuwa akiosha sahani: ni mrefu zaidi, unapokea hata namba kumi. Murhula anasema njiti zimemwishia.

Consolée ana mwavuli mzuri sana.