Sponji ya Mto wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimeponea chupuchupu! Fundi mkuu alipitisha kiganja kwenye ukingo wa kitanda cha mjukuu wake wa kwanza, akasimama. Akasema nimechimba bonde. Mashine ya msasa ni bapa, ukingo ni mviringo. Kati ya mashine na karatasi ya msasa huwekwa sponji laini ili msasa ufuate umbo. Bonde la pili, nitafute karakana nyingine.

Sponji ipo moja tu, ya mwenzangu tunayemwita Mpole. Hajawahi kupaza sauti. Mtu asiyepaza sauti ana lake jambo. Alinipa, akaniambia nisikandamize, nisiikimbize mashine. Niliitikia yote. Sikusikia hata moja. Nilikuwa nayachunguza macho yake.

Jumanne, 5 Machi

Nilikandamiza. Nilitaka nimalize kabla fundi mkuu hajarudi. Moshi! Sponji iliyeyuka, ikang'ang'ania mashine kama chingamu. Nikaibandua, nikaifukia kwenye gunia la vumbi la mbao.

Mpole aliiulizia. Nikasema nimeiosha, nimeianika. Akasema vizuri. Vizuri!

Jumatano, 6 Machi

Wazo! Sponji ni sponji. Mama mkwe, anayekaa nasi kwa ajili ya goti lake linalomsumbua, ana mto wa kiti mnene kama mkate. Alipoingia kuoga nikaugeuza, nikakata duara upande wa chini, kitambaa cha maua ya zambarau na vyote. Niliharakisha, kwa hiyo duara lina pembe.

Wakati wa chakula aliketi, akazama upande mmoja. Akauliza kama kiti kimebonyea au yeye amekonda. Nikasema amekonda. Alifurahi sana! Mke wangu hakufurahi. Alinitazama mpaka nikapaliwa na maji.

Alhamisi, 7 Machi

Niliibandika sponji kwa gundi ya viatu, nikawasha. Mashine ikayumba kama mlevi. Sponji ikachomoka, ikapita sentimita mbili kutoka sikio la fundi mkuu, ikatua kwenye kitanda cha mjukuu, juu ya vanishi mbichi ya ubao wa kichwani. Ikanata. Maua ya zambarau yakitazama juu.

Nilihesabu nafasi za kutorokea: mlango mmoja, na fundi mkuu amesimama hapo hapo.

Akauliza ni kazi ya nani. Ndipo Mpole akasema kosa ni lake, alinipa kifaa bila kunifundisha vizuri. Yeye atakirekebisha kitanda.

Anataka nini mtu huyu? Niliogopa zaidi ya pale sponji iliporuka.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe amegundua. Alinisubiri sebuleni, mto mapajani. Akapitisha mkono kwenye tundu, akanipungia vidole.

"Mkwe wangu," akasema, "panya wa nyumba hii wanatumia mkasi?"

Nikasema panya wa siku hizi wamechangamka. Hakucheka. Mke wangu akasema mpaka kesho jioni mto uwe mzima, la sivyo nitakalia tundu hilo mimi, mbele ya ndugu zake wote. Anao kaka wanne. Wote warefu.

Jumamosi, 9 Machi

Mpole amemaliza kitanda, kwa mkono, siku mbili, bila mashine. Fundi mkuu alikipapasa kingo zote, macho yakamlengalenga. Kisha Mpole akanivuta pembeni, akasema nikikwama tena nimuulize tu, hakuna aibu. Nikamshukuru. Moyoni nikajua ananiandalia mtego. Simwulizi kitu mpaka naingia kaburini!

Mchana limeletwa kochi likarabatiwe miguu. La mkuu wa polisi. Limejaa sponji safi, nene, ya kutosha mito kumi. Fundi mkuu amekwenda kula. Mpole amegeuka ukutani, ananoa patasi. Nimelilaza kochi chali taratibu.

Upande wa chini hakuna anayeangalia. Hata polisi.